Ilipoanza Barua

Picha ilikuwa inaingia kila Jumatatu alfajiri, kabla sijawasha jiko. Jua linazama ziwani, njiwa wawili wanaruka, na katikati maneno meupe: "Maana nayajua mawazo ninayokuwazia wewe, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Yeremia 29:11." Aliyekuwa ananitumia ni rafiki yangu wa tangu usichana. Tuliimba naye kwaya moja kule Rungwe, na alinitumia kwa sababu ananipenda na alijua tunapitia nini. Hilo naomba lieleweke kabla sijasema mengine, kwamba sina ugomvi na aliyetuma.

Tulichokuwa tunapitia ni hiki. Mwaka 2017 mkataba wa mume wangu kwenye mgodi alikokuwa fundi umeme ulikatishwa, yeye na wenzake wengi kwa siku moja. Wakaambiwa wakae karibu na simu, kazi zikirudi wataitwa. Tukafunga mizigo tukaja Tabora, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Ng'ambo, kwa kuwa mkoa huu ndiko kwao na maisha yake tuliyaona nafuu. Vitu vingi hatukuvifungua. Maboksi tuliyapanga ukutani mpaka karibu na dari. Cherehani yangu, ambayo ndiyo iliyotulisha kabla hajapata ile kazi ya mgodini, tuliivika gunia, tukaifunga kamba na kuisukuma nyuma ya mlango. Nilikuwa nasema: nikiifungua nitapata wateja, nikipata wateja nitachukua vitambaa vya watu, halafu simu italia na tutaondoka na nguo za watu mkononi. Kwa hiyo nikawa nakaanga maandazi. Maandazi hayakudai mpaka kesho.

Ule mstari niliuandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaubandika mlangoni. Chini yake nikaongeza neno moja langu mwenyewe: Desemba. Nilikuwa nimeomba, na moyo wangu ulikuwa umetulia kwamba hiyo ndiyo tarehe. Desemba ya 2017 ikapita. Nikafuta, nikaandika Juni. Kisha nikaandika Desemba nyingine. Kufikia 2019 karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwafutwa, na mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo picha ikiingia Jumatatu naiona kama mtu anayenidai.

Mwezi wa tano mwaka huo tulikwenda Ulyankulu kuvuna mahindi kwa baba mkwe.

Wasioijua Ulyankulu niwaeleze kidogo. Iko wilaya ya Kaliua, mkoa huuhuu wa Tabora, ndani kabisa ya miombo. Ilianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Makazi ya namna hiyo yalikuwa matatu: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watu walipewa mashamba ndani ya pori, wakafyeka, wakalima, wakazaa, wakazika. Miaka ikaenda. Kuanzia mwaka 2014 zaidi ya watu laki moja na nusu kati yao na watoto wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Baba mkwe wangu ni mmoja wao. Alivuka mpaka akiwa na miaka kumi na tisa, pamoja na wazazi wake. Cheti alikipokea akiwa mzee wa miaka sitini na moja, na amekitunza kwenye sanduku la bati, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya suti yake ya kuzikiwa.

Kwetu Rungwe, enzi za bibi zangu, mke wa mtu hakutazamana uso kwa uso na baba wa mume wake. Akimwona njiani anakata porini. Mimi sikulelewa hivyo, lakini damu ina kumbukumbu zake, na kwa miaka mingi niliongea na baba mkwe kwa maneno ya lazima tu: shikamoo, karibu chakula, maji ya kuoga tayari. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza kukaa naye kwa saa nzima. Alikuwa barazani anapukuchua mahindi kwenye ungo, mimi pembeni yake napukuchua pia. Ilikuwa Jumatatu. Simu ilikuwa imeshika mtandao kidogo na picha ikaingia.

Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni andiko, rafiki yangu amenitumia. Akasema nisome, macho yake hayawezi maandishi ya simu. Nikasoma.

Akaacha kupukuchua. Akasema, "Hayo ni maneno yetu sisi."

Nikadhani anataka kusema ni maneno mazuri. Akasema, "Leta kitabu, usome tangu barua ilipoanza."

Nikamuuliza, "Barua gani, baba?"

"Hiyo. Hiyo ni barua, mama. Hukujua?"

Sikujua. Nimebatizwa mtoto, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya miaka kumi na minne, karatasi nimebandika mlangoni miaka miwili, na sikujua kwamba Yeremia 29 ni barua.

Biblia yake ni ile ya Union Version, tafsiri ya 1952 ambayo wengi wetu tumekulia, ndani ya kava la zipu lililokatika meno. Alama zake ni nyuzi za kufungia tumbaku. Amekata vipande virefu na kuvilaza kati ya kurasa, vimeiva rangi ya chai na vina harufu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, mpaka leo. Uzi wa Yeremia ulikuwa mfupi kuliko mingine yote kwa kuvutwavutwa. Kurasa zile zilikuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana.

Akaanza kuniuliza, na kila swali ilibidi nirudi kwenye maandishi. Nani anaandika? Yeremia. Yuko wapi? Yerusalemu. Anamwandikia nani? Wazee waliosalia, makuhani, manabii, na watu wote ambao Nebukadreza amewachukua mateka mpaka Babeli. Nani kaibeba? Hapo nikamtazama usoni, nikisahau bibi zangu wote. Akasema, "Tazama mstari wa tatu." Kweli, wamo: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe ambao mfalme Sedekia aliwatuma Babeli.

Nilielewa baadaye maswali hayo yalikotoka. Miaka ya sabini, kijana aliyejua kusoma pale makazini alikuwa mali ya kijiji. Barua zilikuja kutoka kwa ndugu waliotawanyika, na wazee wasiojua kusoma walikuja kwake jioni na bahasha. Aliniambia mambo mawili kuhusu kazi hiyo. Kwanza, barua haikusomwa katikati hata siku moja. Ulianza na anayeandika, mahali alipo, tarehe, salamu zote kwa majina, ndipo "baada ya salamu." Mzee angeweza kukuzuia hapo hapo: rudia, tarehe ngapi? Kwa sababu habari ya mgonjwa ya mwezi wa pili si habari ya mgonjwa ya mwezi wa nane. Pili, waliuliza nani kaileta. Ikiwa imeletwa na mtu wa kuaminika, walikaa. Ikiwa imepita mikononi mwa mtu asiyejulikana, waliisikiliza kwa sikio moja.

Tukasoma, basi. Mstari wa pili unasema ni nani waliochukuliwa: mfalme Yekonia, mama yake, wakuu, halafu mafundi na wafua chuma. Nilisimama kidogo hapo, maana fundi wangu alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Hii ndiyo awamu ya mwaka 597 kabla ya Kristo. Yerusalemu wenyewe ulikuwa bado umesimama, ungebomolewa miaka kumi na moja baadaye. Kwa hiyo walioko Babeli wana sababu ya kufunga mizigo na kungoja. Nyumba zao zipo. Hekalu lipo. Ni suala la muda tu.

Na barua inaanza kuwaambia nini? "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, ozesheni watoto wenu, mkaongezeke huko wala msipungue. Kisha mstari wa saba: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Mji ule. Mji wa aliyewateka. Kisha onyo kwamba wasiwasikilize manabii na waaguzi walio kati yao. Kisha mstari wa kumi, ambao nilikuwa nimeishi miaka miwili jirani nao bila kuugonga mlango: "Babeli utakapotimiziwa miaka sabini, nitawajilia ninyi."

Ndipo linakuja andiko langu. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi."

"Miaka sabini," baba akasema. "Haya, hesabu. Toka 1972."

Nikahesabu. 2042.

"Nitakuwa na themanini na tisa, nikijaliwa. Baba yangu je? Hakuwa na hesabu hiyo kabisa. Mtu mzima yeyote aliyeisikia barua ile siku ya kwanza aliambiwa kwamba yeye hatarudi. Atazikwa Babeli. Halafu akaambiwa, nawawazia amani."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekaa miaka miwili na sentensi hiyo nikiamini inaniambia: hutakaa hapa muda mrefu. Sentensi yenyewe ilikuwa ndani ya barua inayosema: utakaa hapa muda mrefu sana, kwa hiyo panda.

Akanirudisha sura moja nyuma, na hapa ndipo ningependa kila mtu mwenye picha ya 29:11 kwenye simu yake afike. Sura ya 28 ina nabii anaitwa Hanania. Anasimama hekaluni mbele ya watu wote, kwa jina la Bwana, anasema nira ya Babeli imevunjwa, katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Miaka miwili. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara, Hanania akaichukua na kuivunja. Na kabla ya hapo Yeremia alikuwa amemjibu hivi: "Amina, Bwana na atende hivi." Baba ananyanyua kidole kila akifika hapo. Yule anayejua kwamba haitakuwa miaka miwili ndiye anayesema amina, kwa sababu naye angependa iwe hivyo. Hasemi kwa ubaya. Ni baadaye ndipo neno linamjia: nira za mti umezivunja, badala yake zitakuwa za chuma. Hanania alisema maneno yake mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba.

Kumbe nilikuwa nimembandika Hanania mlangoni na kumwita Yeremia. Maneno yalikuwa ya mmoja, tarehe ilikuwa ya mwingine.

"Baba yangu alikuwa na akina Hanania wengi," akasema. Kila mwaka kulikuwa na habari. Redio imesema, mtu ametoka Kigoma amesikia, mwakani tuko nyumbani. Baba yake aliziamini zote, na kwa sababu hiyo hakupanda mti hata mmoja. Alilima mahindi, maharage, mihogo, vitu vinavyovunwa na mtu anayeondoka. Majirani walipanda miembe, yeye akasema mwembe ni wa mtu anayekaa. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi mpaka alipofariki mwaka 1985. Watoto wake walikuwa wakiomba maembe kwa jirani. Baba mkwe alisema jambo hilo kwa sauti ileile ya kawaida, mikono yake ikiendelea na mahindi, na nilijua asingependa nimtazame usoni wakati huo. Mwaka uliofuata msiba alipanda miembe mitatu na kuanza kufyatua tofali.

Kuna jambo la lugha ambalo lazima niliseme, maana linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili hasa. Wasomaji wa Kiingereza wana udhuru kidogo: neno lao la mtu mmoja na la watu wengi ni lilelile, hawawezi kuona kwa macho nani anaambiwa. Sisi hatuna udhuru huo. Andiko liko wazi: ninayo-wa-wazia, ninyi, siku zenu. Mungu anazungumza na umati. Aliyetengeneza ile picha ilibidi aibomoe sarufi ili kunifikishia mimi peke yangu: ninayokuwazia, wewe. Naamini alifanya kwa nia njema, alitaka msomaji asikie joto. Lakini nilichopoteza katika silabi moja ni watu wote waliokuwa wamekaa pamoja nami kando ya mto. Nilijiona niko peke yangu na ahadi ambayo haitimii. Wakati wenzangu wa barua walikuwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa Desemba.

Na sura yenyewe haijaisha. Watu wengi, hata wanaofika mstari wa kumi na nne, huachia hapo. Songa mbele mpaka mwishoni, utamkuta Shemaya Mnehelami. Huyu yuko Babeli, barua imemfikia, imemkasirisha. Anaandika yake kwenda Yerusalemu kwa kuhani Sefania, kumshitaki Yeremia: kwa nini hamjamkemea, ametutumia ujumbe kusema uhamisho utakuwa wa siku nyingi, jengeni nyumba, pandeni bustani. Tazama alichonukuu. Amechukua kipande kichungu, tumaini lote ameliacha. Shemaya ndiye mtu wa kwanza kuikata barua hii, na aliikata pale pale tunapoikata sisi, ila yeye akabaki na upande mwingine.

Sasa, sitaki mtu atoke hapa akidhani nachukia andiko fupi. Nimelelewa na andiko fupi. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Wamoravian, kulikuwa na kitabu cha neno la kila siku. Mistari ya Agano la Kale hupatikana kwa kura huko Herrnhut, Ujerumani, na kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Baba yangu mzazi alisoma mstari wa siku akiwa amesimama, koti mwilini, jembe mlangoni. Mstari mmoja ndio mtu anaoweza kuubeba mpaka shambani. Mama yangu alibeba mmoja mwaka mzima alipokuwa anamuuguza mdogo wangu, na ulimtosha. Hata Bwana Yesu kule nyikani alijibu kwa mstari mmoja mmoja.

Lakini hapo hapo nyikani ndipo na yule mwingine, Ibilisi, alinukuu. Alichukua Zaburi ya 91, atakuagizia malaika zake. Nendeni mkalinganishe Mathayo 4:6 na zaburi yenyewe. Zaburi inasema "wakulinde katika njia zako zote." Katika Mathayo maneno hayo hayapo, imebaki kujikwaa na kuruka. Na Bwana anajibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, Msimjaribu Bwana, ambayo ukiifungua kwao kwake inaendelea: "kama mlivyomjaribu huko Masa." Nawe ukienda Masa, Kutoka 17, unakuta watu wenye kiu wanauliza, je, Bwana yu kati yetu au sivyo. Kajibu kwa mstari mmoja, na nyuma ya mstari kuna jangwa zima.

Namba zenyewe za mistari si za Yeremia. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ulifanywa na Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari katika Agano Jipya zilitoka kwa mchapaji wa Paris aliyeitwa Robert Estienne, mwaka 1551. Zinatusaidia kutafutana: mchungaji akitaja, kanisa zima linafika mahali pamoja. Elasa na Gemaria hawakubeba namba. Walibeba karatasi isiyo na mahali pa kukatia.

Siku tatu tulizokaa Ulyankulu niligeuka mwanafunzi. Nikamletea Wafilipi 4:13, ile ya nyuma ya bajaji nusu ya hapa mjini, nayaweza mambo yote. Hakuisemea sana. Alinisomesha mstari wa 11 na wa 12, Paulo akiwa kifungoni anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kisha wa 14, ambao mimi nilikuwa siujui kabisa: "Lakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Basi. Mtu anayeyaweza mambo yote anawashukuru watu kwa kumletea msaada.

La zaburi ndilo gumu zaidi, na nimefikiri sana kama niliandike. Kwaya za kule makazini wana nyimbo nyingi za Zaburi ya 137. "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Ni zaburi yao kwa haki. Jioni ya mwisho nilimuuliza baba kwa nini wanaimba mpaka mstari wa sita tu. Nilikuwa nimesoma mpaka wa tisa mchana ule, peke yangu, na nilikuwa nimefunga kitabu. Mstari wa tisa unamwita heri mtu atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwaseta juu ya mwamba.

Alikaa kimya mpaka nikajuta kuuliza. Mume wangu, aliyekuwa karibu, akatoka nje. Kisha baba akasema aliona mwaka 1972 mambo ambayo hajamwambia mtoto wake yeyote, na kwamba mstari wa tisa haukumshangaza siku alipoukuta. Alishangaa kuukuta mahali ulipo. "Nilidhani maneno ya namna ile mtu huwa nayo peke yake usiku. Nikayakuta yameandikwa, na yanasomwa mbele ya Mungu. Yule mtu aliyasema kwa Mungu. Hakwenda kuyafanya." Kwaya wanaishia wa sita kwa sababu kuna watoto, alisema, na ni sawa. Lakini yeye huwa anaumalizia kimoyomoyo wakati wanakaa.

Sijui mchungaji wako angesema nini juu ya maelezo hayo. Mimi sijasikia mengine yaliyonifaa zaidi.

Tulirudi mjini na magunia manne ya mahindi. Mume wangu alikwenda kutafuta mkokoteni, mimi nikabaki chumbani na maboksi. Kamba ya lile gunia nilikuwa nimeifunga mwenyewe, mafundo matatu, na yalikuwa yamekaza kiasi kwamba niliyakata kwa kisu. Cherehani ilikuwa imeshika kutu kidogo kwenye gurudumu. Nilitia mafuta, nikaisafisha kwa kitambaa cha pazia, na kufikia jioni nilikuwa nimeshona foronya mbili. Karatasi ya mlangoni niliigeuza upande wa pili nikaandika mstari wa saba. Nilianza kuuombea Tabora kwa jina, soko lake, stesheni yake, watoto wa jirani zangu, mwenye nyumba wetu na miguu yake inayomsumbua. Mwanzoni ilikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu. Mgodi haukupiga simu. Mume wangu sasa anaunganisha umeme kwenye nyumba za watu na ana vijana wawili anaowafundisha.

Jumatatu iliyofuata picha iliingia kama kawaida. Nilifikiria kumwandikia rafiki yangu maelezo, nikaona nitamwumiza. Badala yake nikafungua Biblia, nikabonyeza kitufe cha sauti, nikamsomea kuanzia sura ya 29 mstari wa kwanza mpaka wa 14, taratibu, na majina yote. Nikamtumia bila neno lingine.

Alinipigia usiku. Alikuwa amesikiliza mara mbili. Nilijiandaa kuzungumza juu ya miaka sabini, lakini yeye aliuliza kitu kingine: "Huyo Elasa mwana wa Shafani ndiye nani?"

Sikujua. Nikamwambia angoje. Tangu usiku ule tumekuwa tukiitafuta familia hiyo mimi na yeye, yeye yuko Mbeya na mimi Tabora, tukitumia zile herufi ndogo za pembeni mwa kurasa. Wengi wanaona Shafani ni yule mwandishi wa mfalme Yosia, wa Wafalme wa Pili sura ya 22, ambaye kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni alikisoma mbele ya mfalme, na mfalme akararua mavazi yake. Ahikamu mwana wa Shafani, Yeremia 26, ndiye aliyemkinga Yeremia asiuawe. Gemaria mwana wa Shafani, si yule wa barua, ni mwingine, ana chumba hekaluni, na ndani ya chumba hicho Baruku alikisoma kitabu cha Yeremia kwa sauti watu wote wasikie. Mfalme Yehoyakimu alipokuwa anakikata kitabu hicho kwa kisu, kurasa tatu nne kwa mara moja, na kuzitupa motoni, Gemaria huyo alikuwa mmoja wa watatu waliomsihi asifanye.

Jana usiku tulifika kwa Gedalia mwana wa Ahikamu, mjukuu. Rafiki yangu alikuwa amelisoma jina lake kabla yangu na akaniomba nisiharakishe, nimsubiri kwanza alaze watoto.